Histamini, adrenalini na vipokezi vyake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wauguzi, wafamasia, wanafunzi wa tiba na wazazi wenye mtoto wa pumu au mzio. Dozi zilizotajwa ni za kawaida. Mtoto mchanga, mjamzito au mgonjwa wa figo na ini apimiwe na daktari wake.

Kipokezi ni kitu gani hasa?

Ni protini iliyopenya utando wa seli: upande wa nje unasubiri ujumbe, upande wa ndani unaupeleka. Vipokezi vya histamini na vya adrenalini ni vya ukoo mmoja. Uzi wa protini hupita kwenye utando mara saba, kisha kwa ndani hushikana na protini ziitwazo protini G, ambazo ndizo zinazoiamsha seli. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2012 kwa kazi yao juu ya ukoo huu, na kipokezi cha beta 2 ndicho walichokichunguza zaidi.

Shika jambo moja hapa, maana yote yanayofuata yanalitegemea: adrenalini haibebi amri ya "kaza" wala histamini haibebi amri ya "vimba". Kinachotokea huamuliwa na kipokezi kilichopo kwenye seli ile. Ndiyo maana adrenalini ileile hukaza mishipa ya damu ya ngozi na papo hapo hulegeza njia za hewa mapafuni.

Histamini inatoka wapi?

Mwili huitengeneza kutoka kwa histidini, mojawapo ya amino asidi za chakula. Sehemu kubwa huhifadhiwa ndani ya punje za seli za masti, ambazo zimejaa pale mwili unapokutana na dunia: chini ya ngozi, puani, mapafuni na kwenye utumbo. Nyingine iko kwenye seli za basofili za damu, kwenye ukuta wa tumbo, na kwenye kikundi kidogo cha seli za ubongo.

Mwenye mzio ana kingamwili za IgE zilizobandikwa juu ya seli za masti. Karanga, sumu ya nyuki au penisilini ikizigusa, punje hupasuka na histamini humwagika ndani ya dakika chache. Kuna pia dawa zinazozipasua seli hizi moja kwa moja bila IgE yoyote: mofini, vankomaisini, na baadhi ya dawa za rangi zinazodungwa kabla ya picha za eksirei. Vankomaisini gramu 1 ikipitishwa kwa dakika 15, mgonjwa huwa mwekundu shingoni na kifuani na kuwashwa vibaya. Ipitishe kwa dakika 60 au zaidi, na mara nyingi tatizo halitokei. Hapo kosa ni la mwendo wa dripu, na mgonjwa asiandikiwe kwenye faili kwamba ana mzio wa dawa hiyo.

Vipokezi vya histamini ni vingapi, na kila kimoja hufanya nini?

Vinne. H1 ndicho kinachojulikana zaidi, kwa sababu ndicho kinachosumbua: kwenye mishipa midogo ya damu hulegeza ukuta na kuacha mianya, maji ya damu yakavuja na sehemu ikavimba. Kwenye ncha za neva huleta mwasho na chafya. Kwenye mapafu hubana njia za hewa. Kwenye ubongo, hata hivyo, H1 ndicho kinachotuweka macho.

H2 kiko hasa tumboni, kwenye seli zinazomwaga asidi, na pia kwenye moyo na mishipa ya damu. H3 kiko kwenye ncha za neva za ubongo na kazi yake ni kupunguza utoaji wa histamini yenyewe, kama breki. H4 kiko kwenye chembe nyeupe za damu, na huzivuta kuelekea penye uvimbe.

Ukitaka kuona histamini ikifanya kazi, pitisha ukucha kwa nguvu kiasi juu ya ngozi ya ndani ya mkono. Kwanza hutokea mstari mwekundu, kisha wekundu unaosambaa pembeni, kisha kwa baadhi ya watu uvimbe mwembamba unaofuata mstari ule. Daktari Mwingereza Thomas Lewis aliyaeleza mambo haya matatu karibu karne moja iliyopita. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha kidole utafute uvimbe na joto. Wafanyakazi wengi wa afya huukosa mzio kwa mgonjwa mweusi kwa kuwa wanangoja rangi ambayo vitabu vimeipiga picha kwenye ngozi nyeupe.

Na vya adrenalini?

Mwaka 1948 Raymond Ahlquist wa Marekani alionyesha kwamba vipo vya makundi mawili, akaviita alfa na beta. Leo tunavigawa zaidi:

Alfa 1 hukaza mishipa ya damu ya ngozi na matumbo, hupanua mboni ya jicho, na hubana shingo ya kibofu na tezi dume. Alfa 2 kiko kwenye ncha za neva zenyewe na ndani ya ubongo. Kikiguswa, neva hupunguza kutoa noradrenalini, ndugu wa adrenalini, na presha hushuka.

Beta 1 ni cha moyo: mapigo huenda mbio na kwa nguvu zaidi. Kiko pia kwenye figo, ambapo huchochea renini, kimeng'enya kinachopandisha presha. Beta 2 hulegeza njia za hewa, mji wa mimba na mishipa ya damu ya misuli. Huamuru ini litoe sukari, huingiza potasiamu ndani ya seli, huitetemesha misuli ya mikono, na huzifanya seli za masti zitulie. Beta 3 kiko kwenye mafuta na kwenye kibofu, ambacho hukilegeza.

Kwa dozi ndogo adrenalini huonyesha zaidi beta, kwa dozi kubwa alfa hushika usukani.

Kwa nini dawa nyingine za mzio hulaza na nyingine hazilazi?

Kwa sababu ya ule H1 wa ubongo. Klorfeniramini (wengi huiita Piriton hata kama pakiti ni ya kampuni nyingine) na prometazini huyeyuka kwenye mafuta na huvuka kizuizi kati ya damu na ubongo bila shida. Setirizini, loratadini na feksofenadini hukivuka kizuizi hicho kwa shida, nyingine husukumwa nje na protini maalumu. Setirizini bado hulaza baadhi ya watu, feksofenadini kwa nadra sana.

Zile za zamani zina kasoro nyingine: huziba pia vipokezi vya asetilikolini, mjumbe mwingine wa neva. Kinywa hukauka, choo huwa kigumu, macho hufifia. Mzee mwenye tezi dume iliyokua anaweza kumeza vidonge viwili vya mafua usiku na asubuhi akashindwa kabisa kukojoa.

Dozi ya mtu mzima: klorfeniramini mg 4 kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mg 24 kwa siku, setirizini mg 10 mara moja, loratadini mg 10 mara moja. Kwa uvimbe wa ngozi unaowasha, au mafua ya mzio wa vumbi, chagua mojawapo ya mbili za mwisho. Hakuna sababu nzuri ya kumpa dereva wa bodaboda klorfeniramini mchana.

Mtu amepata mzio mkali wa ghafla. Je, sindano ya klorfeniramini na haidrokotisoni (dawa ya steroidi) hazitoshi?

Hazitoshi, na hili ndilo kosa linaloua.

Dawa ya mzio hukaa kwenye kipokezi cha H1 ili histamini isipate pa kushika. Hilo hupunguza mwasho. Lakini mishipa iliyokwisha kulegea hailazimishwi kukaza, maji yaliyokwisha kuvuja hayarudi, na seli za masti zinazoendelea kupasuka hazizuiwi. Tena, histamini haiko peke yake. Seli zile zinamwaga pia leukotrieni na dutu nyingine ambazo dawa za H1 haziziwezi. Haidrokotisoni nayo huhitaji saa kadhaa kabla matokeo yake hayajaonekana, wakati koo linaweza kuziba kwa dakika chache.

Adrenalini haigombanii kipokezi na histamini hata kidogo. Inapita mlango mwingine na kutengua kila kilichofanyika: alfa 1 hukaza mishipa, presha ikapanda na uvimbe wa koo ukapungua, beta 1 huusukuma moyo, beta 2 hufungua mapafu na kuzituliza seli za masti zisiendelee kumwaga. Hakuna dawa nyingine inayofanya yote manne.

Nitajuaje kwamba ni mshtuko wa mzio na si mzio wa kawaida?

Angalia kama umevuka ngozi. Vipele vinavyowasha peke yake si mshtuko. Vipele pamoja na sauti kukwaruza, ulimi kuvimba, kifua kupiga filimbi, kutapika mfululizo, kizunguzungu au kuzimia, ni mshtuko. Usisubiri vipele vitokee: kwa baadhi ya wagonjwa havitokei kabisa, na mtu aliyeanguka dakika tano baada ya sindano ya penisilini au baada ya kung'atwa na nyuki atibiwe hivyohivyo.

Adrenalini hutolewaje, hatua kwa hatua?

Tafuta ampuli iliyoandikwa mg 1 kwa ml 1, ambayo pia huandikwa 1:1000. Mpe mtu mzima ml 0.5, yaani nusu ampuli. Kwa mtoto kanuni ni mg 0.01 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 12 anapata ml 0.12. Usipokuwa na mizani, tumia umri: miezi 6 hadi miaka 6, ml 0.15, miaka 6 hadi 12, ml 0.3, zaidi ya hapo, ml 0.5. Kwa dozi za mtoto vuta kwa bomba la ml 1, kwa sababu kwenye bomba la ml 5 huwezi kupima sehemu hizo.

Choma ndani ya msuli, upande wa nje wa paja, katikati ya nyonga na goti. Kwenye dharura unaweza kupitisha sindano juu ya nguo nyepesi. Mlaze mgonjwa chali na kuinua miguu. Akiwa anahangaika kupumua, mwache aketi huku miguu imenyooshwa. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Mpe oksijeni, fungua mshipa, na presha ikiwa chini mpe dripu ya salaini kwa haraka, ml 500 hadi 1000 kwa mtu mzima, ml 10 kwa kilo kwa mtoto. Baada ya dakika 5, kama hali haijabadilika, rudia dozi ileile.

Klorfeniramini na haidrokotisoni, kama utazitumia, zije baada ya hapo.

Kwa nini paja, na kwa nini si chini ya ngozi?

Jibu liko kwenye vipokezi. Chini ya ngozi mishipa ina alfa 1 kwa wingi: adrenalini ikifika hapo hukaza mishipa ileile ambayo ingeibeba, ikabaki imekwama. Kwenye msuli mkubwa wa paja kuna beta 2, mishipa hufunguka na dawa huondoka. Kwa watoto waliopimwa, kiwango cha juu kwenye damu kilifikiwa kwa wastani wa dakika 8 kwa sindano ya paja, na dakika 34 kwa sindano ya chini ya ngozi.

Kwa hiyo bomba la insulini si mbadala mzuri. Sindano yake ni fupi na huishia kwenye mafuta.

Makosa gani hutokea mara nyingi?

La kwanza ni kuchelewa, kwa kuogopa moyo. Watu hukumbuka kwamba adrenalini huupeleka moyo mbio, wakasahau kwamba mshtuko wenyewe unauua moyo kwa kukosa damu. Katika mshtuko wa mzio hakuna ugonjwa unaokataza kabisa sindano ya adrenalini ya msuli, si ujauzito, si uzee, si presha.

La pili ni kuisukuma kwenye mshipa. Mg 1 inayosukumwa mshipani ni ya mgonjwa ambaye moyo umesimama. Kwa mgonjwa mwenye mapigo, dozi hiyo inaweza kupasua mshipa wa ubongo au kuuvuruga mdundo wa moyo. Njia ya mshipa ni ya wataalamu wa usingizi na chumba cha wagonjwa mahututi, kwa dozi ndogo sana na mashine ya moyo ikiwa imewashwa.

La tatu ni kumsimamisha mgonjwa. Anajisikia nafuu, anataka kwenda chooni au kupanda gari. Damu yote iliyo kwenye mishipa iliyolegea hubaki miguuni, moyo hukosa cha kusukuma, naye huanguka. Wapo waliokufa hivyo dakika chache baada ya kuonekana wamepona. Abebwe amelala.

La nne ni kumruhusu aende mapema. Kazi ya adrenalini huisha mapema, na mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Aliyehitaji dozi zaidi ya moja, mwenye pumu, au anayeishi mbali na hospitali abaki angalau saa 12.

Nimempa adrenalini mara mbili na presha haipandi. Kuna nini?

Uliza kama anatumia propranololi, atenololi au kizuia-beta kingine (dawa za presha na moyo). Vipokezi vyake vya beta vimezibwa, adrenalini inagonga mlango uliofungwa. Dawa ya kuuzunguka mlango huo ni glukagoni, mg 1 hadi 2 polepole mshipani kwa muda wa dakika 5, kwa sababu ina kipokezi chake yenyewe kwenye moyo na huamsha mitambo ileile ya ndani ya seli. Jiandae atatapika. Ongeza dripu, maana mara nyingi tatizo ni maji machache.

Kwa aliyekunywa klopromazini (dawa ya magonjwa ya akili) nyingi, mambo hugeuka upande mwingine: dawa hiyo huziba alfa, adrenalini ikabaki na beta 2 tu, na presha ikashuka zaidi. Henry Dale aliliona jambo hili mwaka 1906 alipowapa wanyama dawa ya ergoti, kuvu wa nafaka, kabla ya adrenalini. Kwa mgonjwa wa namna hiyo presha hupandishwa kwa noradrenalini.

Nilikula jodari nikavimba uso. Nina mzio wa samaki?

Labda huna, na ni muhimu kutofautisha kabla hujaacha samaki maisha yako yote.

Jodari, vibua, nguru na dagaa wa baharini wana histidini nyingi nyamani. Samaki akikaa juani au kwenye ndoo bila barafu, bakteria huibadilisha histidini kuwa histamini, ikajaa kwenye nyama yenyewe. Unakula histamini iliyokwisha tengenezwa. Kati ya dakika 10 na saa moja uso huwaka moto, kichwa huuma, moyo hudunda, ngozi huwasha, tumbo huharisha. Wengine husema samaki alikuwa na ukali wa pilipili ulimini ingawa hakutiwa pilipili.

Dalili ya kutofautisha iko mezani: je, wengine waliokula samaki yuleyule wameugua? Mzio humpata mmoja, samaki mbovu huwapata wengi. Na kama uliwahi kula jodari mara nyingi bila shida, na mara hii tu ndiyo imekuwa hivi, elekeza lawama kwa barafu.

Kupika hakusaidii. Histamini haiharibiwi na kukaanga, kuchemsha, kukausha kwa moshi wala kufungashwa kwenye kopo. Hata harufu haitoshi kukuambia, kwa kuwa samaki anaweza kunukia vizuri na bado amejaa. Kugandisha nako kunazuia bakteria wasiongezeke lakini hakuondoi kilichokwisha kuwamo. Dawa ya kweli ni pale chomboni: samaki atolewe matumbo na kufunikwa barafu mara tu anapovuliwa, kwenye joto la nchi zetu kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na abaki karibu na nyuzi 0 hadi afike jikoni. Viwango vya kimataifa vya Codex haviruhusu zaidi ya mg 200 za histamini kwa kilo ya samaki.

Tiba ni setirizini mg 10, na kwa kawaida hali huisha ndani ya saa chache. Akishindwa kupumua au kuzimia, adrenalini kama ilivyoelezwa juu.

Wanaotumia isoniazidi kwa kifua kikuu wachukue tahadhari ya ziada. Dawa hiyo huzuia vimeng'enya vinavyoivunja histamini, kwa hiyo kiasi ambacho jirani yake anakimudu kinaweza kumwangusha yeye. Muuguzi wa kliniki ya TB amwambie mgonjwa wa pwani hivyo waziwazi: jodari na vibua wasiojulikana walivuliwa lini, aviache mpaka amalize dozi.

Salbutamoli hufanyaje kazi kwenye pumu?

Hugusa beta 2 kwenye misuli inayozunguka njia za hewa, ikalegea ndani ya dakika 5. Mchomo mmoja wa kipulizi, yaani kukibonyeza mara moja, ni maikrogramu 100. Kwa mbano wa kawaida, michomo 2. Kwa shambulio kali, mtu mzima na mtoto wa miaka 6 kwenda juu michomo 4 hadi 10 kila dakika 20 kwa saa la kwanza huku akipelekwa hospitali. Mtoto mdogo zaidi, michomo 2 hadi 6.

Mtoto hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, na dawa nyingi huishia kooni. Tengeneza chumba cha hewa kwa chupa ya plastiki ya ml 500. Pasha waya moto, toboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa kipulizi, uingize ubane pasipo mwanya. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, kwa sababu plastiki iliyofutwa hupata umeme tuli unaonasa dawa ukutani. Mtoto aweke mdomo wa chupa kinywani, bonyeza mara moja, apumue mara 5 au 6, kisha bonyeza tena. Utafiti wa Afrika Kusini uliitumia chupa hiyo kwa watoto wenye shambulio na ikafanya kazi sawa na vyombo vya dukani.

Vidonge vya salbutamoli je?

Viache. Kidonge cha mg 4 kina dawa mara 20 ya michomo miwili, na hupita mwilini kote kabla ya kufika mapafuni. Mtoto hutetemeka na moyo kumdunda, wakati kifua bado kimebana.

Na yeyote anayemaliza kipulizi cha michomo 200 kwa mwezi mmoja ana tatizo ambalo salbutamoli haitalimaliza. Beta 2 ikiguswa mfululizo, seli huvifungia ndani baadhi ya vipokezi hivyo, na dawa hupoteza makali. Kilichobaki bila kutibiwa ni uvimbe ulio ndani ya njia za hewa, unaohitaji kipulizi cha steroidi kila siku.

Mbona mwenye pumu hapewi propranololi?

Kwa sababu huziba beta 1 na beta 2 pamoja. Kidonge kimoja kinaweza kuleta shambulio, na salbutamoli haitakuwa na pa kushika. Atenololi na bisoprololi huchagua beta 1, lakini kuchagua huko hupungua dozi ikipanda. Hata matone ya timololi ya presha ya macho huingia kwenye damu na yameshawabana wenye pumu. Waulizwe kama wanayatumia.

Naweza kuacha kizuia-beta nikijisikia vizuri?

Usiache ghafla. Miezi ambayo vipokezi vilizibwa, moyo uliongeza vingine ili usikie. Siku dawa inapokosekana, adrenalini ya kawaida hukuta vipokezi vingi kupita kiasi: mapigo hupaa, kifua huuma, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio. Punguza kwa hatua katika wiki moja hadi mbili, kwa usimamizi wa daktari. Klonidini, dawa nyingine ya presha, nayo ina hatari ya namna hiyo.

Mwenye kisukari ajue pia kwamba dawa hizi huficha dalili za sukari kushuka. Moyo haudundi wala mikono haitetemeki. Jasho peke yake hubaki, maana jasho huamriwa na asetilikolini. Akitokwa jasho bila sababu, apime sukari.

Miraa inahusikaje hapa?

Jani bichi la miraa lina kathinoni, inayozifanya neva zimwage noradrenalini na dopamini. Mtumiaji hukesha, mboni hupanuka, presha na mapigo hupanda, na kukojoa huwa kwa shida kwa sababu alfa 1 imebana shingo ya kibofu. Kathinoni huharibika haraka jani likinyauka, ndiyo maana mizigo kutoka Meru hufungwa kwa majani ya mgomba na kusafirishwa mbio. Mwenye presha anayetafuna kila siku asishangae vidonge vyake vikionekana havifanyi kazi.

Matone ya kufungua pua yamenizoesha. Kwa nini?

Zailometazolini na oksimetazolini hugusa alfa kwenye mishipa ya pua, ikakaza na hewa ikapita. Ukizidisha siku 5, vipokezi hupungua na pua huziba zaidi kila dawa inapoisha, nawe unaongeza tone. Acha tundu moja kwanza, wiki moja baadaye la pili, huku ukitumia dawa ya steroidi ya kupuliza puani.

Dawa ya tezi dume inanipa kizunguzungu nikisimama.

Tamsulosini na prazosini huziba alfa 1. Tezi hulegea na mkojo hupita, lakini mishipa ya damu nayo hushindwa kukaza unapoinuka. Prazosini ndiyo yenye tabia hiyo zaidi, hasa dozi ya kwanza, kwa hiyo imezwe ukiwa kitandani. Ukipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho hata kama uliiacha zamani: dawa hizi hulegeza utando wa rangi unaozunguka mboni na kuusumbua upasuaji.

Mjamzito mwenye presha anapewa nini?

Metildopa, inayogusa alfa 2 ndani ya ubongo, au labetaloli, inayoziba alfa 1 na beta. Labetaloli haimfai mwenye pumu.

Dawa za H2 za tumbo bado zina nafasi?

Famotidini bado, mg 20 mara mbili kwa siku, ingawa omeprazoli huzima asidi kwa nguvu zaidi. Ranitidini iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya uchafu wa NDMA, kemikali inayohofiwa kuleta saratani. Simetidini, iliyotokana na kazi ya James Black aliyepata Nobel ya tiba mwaka 1988, huchelewesha ini kuvunja wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na fenitoini (dawa ya kifafa). Asipewe mgonjwa wa dawa hizo.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe dawa ya mafua yenye prometazini?

Hapana. Inaweza kumsimamisha kupumua. Maji ya chumvi puani na maziwa ya mama yanamtosha.

Ampuli za adrenalini zitunzwe vipi?

Chini ya nyuzi 25, gizani ndani ya boksi lake, zisigandishwe. Mwanga na joto huichoma dawa: kwanza huwa ya waridi, kisha kahawia, na yenye rangi haitumiki. Kwenye trei ya dharura weka pamoja ampuli 3, mabomba ya ml 1, sindano ndefu za msuli, na karatasi ya dozi kwa umri iliyobandikwa kwenye kifuniko. Kagua rangi na tarehe kila Jumatatu.